Chakula Kinachomsubiri Mgeni

Neema, uliniomba nikuandikie vyakula vyepesi vya kuwapikia wageni wa jioni, kwa kuwa mimi nimetoka jikoni na wewe umebaki na sufuria zangu. Nimekaa na kalamu siku kadhaa. Kila nilipotaka kuandika habari za kitunguu, akanijia mtu. Basi nakuandikia watu pamoja na vyakula vyao, nawe na wenzako mtachagua kama mnavyochagua mchele. Mambo ya mshahara na vyeo nimeyaacha. Hayakuwa na ladha hata yalipokuwa mapya.

Nilianza kazi miaka ya tisini, mwanzoni mwanzoni. Nilikuwa nimetoka kwetu Magu, nimeolewa, nina mtoto mmoja, Minza, na tulikuwa tunakaa Mirongo kwa shangazi wa mume wangu. Wakati ule biashara zilikuwa zimefunguliwa. Sukari, sabuni na mafuta ya kula, vitu tulivyozoea kuvipangia foleni, vilikuwa vimejaa madukani, na shida ilikuwa imehama kutoka rafuni kwenda mfukoni. Viwanda vya samaki vilikuwa vinaota ufukweni, na watu wa kila namna waliingia Mwanza: mafundi, wanunuzi, madereva, na wengine ambao mpaka wanaondoka hatukujua walifuata nini. Wote walitaka mahali pa kulala na kitu cha kula.

Mama Eufrasia, mjane wa Kihaya, aliigeuza nyumba aliyoachiwa na mumewe pale Kirumba kuwa nyumba ya wageni. Vyumba havikuwa vingi. Jiko lilikuwa uani, limetenganishwa na vyumba vya nyuma kwa ukuta mmoja tu, na hilo ulikumbuke kwa sababu nitalirudia. Mpishi alikuwa Mzee Mafuru, Mjita wa Mara, mwembamba, mtaratibu, aliyekuwa amepika kwenye meli za ziwani mpaka magoti yake yakazikataa ngazi. Alimwambia mama mwenye nyumba kwamba peke yake kazi itamshinda, na shangazi akasikia kanisani, akanitaja.

Siku ya kwanza nilimkuta mzee amekalia debe, anamenya vitunguu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akinitazama mikono kabla ya uso. Akaniambia nisonge ugali wa wageni wawili. Sasa, kwetu Magu mimi sikuwahi kusonga ugali wa watu wawili tangu nizaliwe. Nikasonga kama ninavyojua. Mzee Mafuru akauzunguka ugali ule taratibu, akaniuliza kwa adabu kabisa kama nina hakika wageni ni wawili. Nikasema ndiyo. Akasema basi itabidi tuwaombe wakae mpaka Jumapili. Ndivyo alivyokemea, hapo na siku zote. Hakuwahi kupaza sauti, na mtu ulitamani angepaza tu yaishe.

Somo lake la kwanza lilitokana na barabara. Mgeni wa jioni hana saa. Basi la Musoma liliweza kufika jua likiwa bado linang'aa, na liliweza kuharibika njiani abiria wakafika wakati taa za chemli zimeshawashwa. Umeme nao ulikuwa na mipango yake ambayo haikutuhusu. Mpishi aliyepika vitu vya kuliwa papo hapo alijikuta anahangaika mlangoni na mwiko mkononi.

"Usimpikie mgeni chakula kinachokuharakisha," aliniambia. "Mpikie kinachoweza kumsubiri."

Hapo ndipo ulipo wepesi wa mapishi, Neema, na wengi hawapaoni. Wanadhani chakula chepesi ni kile cha dakika chache. Chakula chepesi ni kile ambacho mgeni akichelewa hakiharibiki, na akiwahi hakikuaibishi. Mchuzi wa karanga unasubiri. Maharage yanasubiri, tena yanazidi kuwa matamu. Wali unasubiri ukiupunguzia moto chini, ukaweka makaa machache juu ya mfuniko, na ukajizuia kufunua funua. Matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yanasubiri mwaka mzima kwenye gunia. Ukiyaloweka na kuyachemsha tena, na kikombe cha maziwa ya mgando pembeni, Msukuma yeyote ataona umemkaribisha. Ugali usonge mwisho, mgeni akiwa ananawa. Na samaki, kama ni sato wa kuchemsha na nyanya, kitunguu na ndimu, mtie wakati mgeni ameshakaa na anaulizana habari na wenzake. Wakimaliza kuulizana, naye ameiva.

Kila siku asubuhi tulikwenda Mwaloni, soko la ufukweni, kununua samaki. Nilijua samaki tangu utotoni, lakini wa kwenye mchuzi. Mzee Mafuru alinifundisha wa kwenye chanja. Shavu liwe jekundu, jicho liwe limetuna, na ukimbonyeza nyama irudi. Muuzaji akikuita dada mara nyingi, mbonyeze tena. Tulirudi kwa mguu, kapu kichwani kwangu, yeye mbele akisalimiana na nusu ya Kirumba.

Lakini ndani ya muda mfupi sangara alianza kutupita. Viwanda vilimchukua mnono akiwa bado anapiga mkia, akakatwa minofu, akapanda ndege. Kwetu ukabaki mfupa na kichwa, tuliouita mapanki, na wanawake wa mtaani wakajifunza kuukaanga mpaka ukatamanika. Mgeni mmoja kutoka nchi ya mbali alitusimulia kwa furaha kwamba kwao samaki wa Mwanza anapatikana dukani, hana hata mwiba. Mzee Mafuru akampongeza, akamletea maharage.

Tulikuwa pia na wageni wa kutoka pwani waliotaka kila kitu kiwe na nazi. Nazi Mwanza ilifika imechoka kuliko abiria. Tuliwapa karanga badala yake, na wengi walinyamaza walipoonja. Mmoja hakunyamaza, alilalamika mpaka siku ya kuondoka, kisha akaja jikoni kuomba afundishwe.

Sasa nikueleze habari ya wazazi wa Bwire, kwa sababu katika miaka yangu yote ile ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote, na haikuhusu ugumu wa kupika.

Vijana watatu walikwenda ziwani kuvua na mtumbwi wa tajiri mmoja wa Kirumba. Upepo ukawapindua. Wawili walishikilia mtumbwi mpaka wenzao wakawaokoa, wa tatu hakuonekana. Huyo alikuwa Bwire. Wazazi wake walikuja kutoka Majita kumtafuta, wakaletwa kwetu na ndugu yao aliyemfahamu Mama Eufrasia, naye akawapa chumba cha nyuma. Baba alikwenda ufukweni kila kulipopambazuka, kusikiliza wavuvi waliotoka kutafuta. Mama alibaki. Sisi tulimwita Mama Bwire, kama ilivyo desturi, na ilichukua muda nitambue kwamba kila tulipomwita tulikuwa tunamtaja mwanawe.

Hakula. Jioni ya kwanza nilimpelekea wali na mchuzi, akanishukuru, na sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Asubuhi uji, vilevile. Jioni iliyofuata nilikuwa nakaanga sangara wa wageni wengine nikamwona amepita uani, amejitanda khanga mpaka puani, akatoka nje ya geti na kusimama barabarani. Nilidhani anamngoja mumewe. Mzee Mafuru alimfuata. Walizungumza Kijita, mimi nikawa naona midomo tu. Aliporudi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Anasema hajui samaki hawa wamekula nini," akaniambia.

Akaipua kikaango na kukiweka chini. Nikawapikia wale wageni mayai.

Tangu hapo Mzee Mafuru aliamua kwamba samaki haingii jikoni mle mpaka wazazi wale watakapoondoka. Jambo hilo lisingekuwa zito kama si karamu ya Mama Eufrasia. Alikuwa amewaalika chakula cha jioni mabwana wanne wa kiwanda kimoja kipya cha samaki. Walikuwa wanatafuta nyumba ya kuwalaza mafundi wao kwa miezi mingi, na yeye alikuwa ameshaanza kuota paa jipya. Aliwaahidi sato mzima mzima, na minofu ya sangara ya kukaanga. Watu wa samaki, unawapa samaki. Yeye aliona hivyo, na kwa kweli hata mimi niliona hivyo.

Alikuja jikoni mchana ule kuuliza kama samaki wameshafika kutoka Mwaloni. Mzee Mafuru alikuwa anapuliza mkaa. Aliinuka kwanza, akajifuta mikono, kwa kuwa hakupenda kumwambia mtu jambo zito akiwa amechuchumaa.

"Mama, yule mwenzako mtoto wake yuko majini," alisema. "Mimi siwezi kukaanga samaki upande wa pili wa ukuta wake."

Mama Eufrasia akasema anamwonea huruma kama mama yeyote, lakini nyumba hii ni ya biashara, na wageni wale hawatakuja mara ya pili. Wangeweza kumhamishia Mama Bwire kwa jirani kwa jioni ile moja. Mzee Mafuru akamjibu kwamba akihamishwa atajua amehamishiwa nini. Kisha akasema kama kuna mpishi mwingine wa kukaanga samaki hao, aletwe, yeye hatakasirika, atakwenda kukaa na wale wazazi. Hakusema kwa ukali. Mimi nilikuwa nimesimama na kisu mkononi, na mpishi mwingine aliyekuwepo ni mimi.

Mama Eufrasia alinitazama. Nilitaka sana kazi yangu, Neema. Minza alikuwa ameanza shule mwaka ule. Lakini nilitikisa kichwa kukataa.

Akakaa juu ya lile debe la Mzee Mafuru. Akauangalia ule ukuta. Alikuwa mwanamke wa hesabu, lakini kabla ya hesabu alikuwa amezaa watoto sita na kuzika wawili. Tuliyajua hayo na hakuna aliyeyataja. Mwishowe akauliza, "Sasa mtawapa nini?" Mzee Mafuru akasema kuku wa karanga na wali wa Magu. Akauliza akiulizwa samaki yuko wapi ajibu nini. Mzee akamwambia ajibu ukweli.

Kuku walikuwepo wawili wa kienyeji, majogoo wakongwe wenye miguu kama ya mpeleka barua wa zamani, waliohitaji kuchemshwa mapema. Tuliwatia chumvi na tangawizi, tukawaacha kwenye mkaa. Zikabaki karanga. Nilikwenda kuchukua kinu, na hapo Mzee Mafuru akanizuia. Akaenda mwenyewe mlangoni kwa Mama Bwire, akabisha. Baadaye aliniambia alichomwambia: kwamba wageni wamezidi, kwamba mimi ni mtoto wa Kisukuma ninayetwanga karanga kama ninaponda mawe, na kwamba anaomba mkono wa nyumbani. La kwanza na la mwisho yalikuwa kweli. La katikati nimemsamehe.

Mama Bwire alitoka. Alifunga khanga kiunoni, akazikagua karanga nilizokwisha kuzikaanga, akazirudisha motoni kidogo zaidi bila kuniomba ruhusa. Zikapoa. Akazifikicha maganda, akapepeta, akaanza kutwanga. Mwanzo alikuwa anaushusha mchi kama mtu aliye mbali. Halafu mkono ukaikumbuka kazi. Mzee Mafuru alikaa karibu yake anamenya nyanya, wakawa wanazungumza lugha yao, maneno machache machache. Zilipofikia pale ambapo unga unaanza kushikana na kutoa mafuta, alichota kwa kidole akaonja. Ndivyo mtwangaji yeyote anavyofanya, huwezi kujua karanga bila kuonja. Akatikisa kichwa, akatwanga tena, akaonja tena.

Mimi nilikuwa nalegeza karanga zile kwa supu ya uvuguvugu. Usizimwage kavu kwenye sufuria, zitagandana. Nilipozimimina juu ya kitunguu na nyanya, Mzee Mafuru akachota mchuzi kwenye kibakuli, akatia na kipande cha nyama na kijiko cha wali wa chini, akampa Mama Bwire, akamwuliza kama umekolea. Akaonja. Akasema bado. Tukauacha uchemke taratibu mpaka mafuta yakaelea juu, akampa tena. Akaonja, akaonja na nyama. Mimi niligeukia ukuta nikajifanya natafuta kawa la kufunikia wali. Niliposikia kijiko kinakwangua kibakuli, nilijua amemaliza.

Wale mabwana wanne walifika. Walipoona kuku, mmoja alicheka akasema amesafiri mpaka ziwani kuja kula jogoo. Mama Eufrasia aliwaambia ukweli, amesimama, mikono ameikunja mbele. Aliwaambia kuna mama ndani ya nyumba hii anamngoja mtoto wake kutoka majini. Kicheko kikakatika. Walikula vizuri, na mkubwa wao, mtu wa umri, alipomaliza aliomba kuonyeshwa wazazi wale walipo. Alikwenda akawapa pole, akakaa barazani na Baba Bwire kwa muda, kisha yeye na wenzake wakaondoka.

Ungependa nikwambie kwamba walichukua vyumba vyote. Hawakuchukua. Walikwenda nyumba nyingine, karibu na kiwanda chao. Labda ni kwa ajili ya ukaribu, labda ni kwa ajili ya jogoo. Mama Eufrasia hakulizungumza tena. Paa lilivuja masika ile na iliyofuata, tukawa tunasogeza vitanda, na sikuwahi kumsikia akimlaumu mtu.

Bwire alipatikana. Wavuvi wa dagaa walimwona, baba yake akaitwa akaenda, akarudi akiwa na khanga ya mkewe mkononi bila kujua ameichukua wapi. Walimpeleka nyumbani kuzika. Asubuhi ya kuondoka, gari limeshafika, Mama Bwire alikuja jikoni. Nilikuwa natwanga. Aliutazama ule mchi, akauchukua mkononi mwangu, akapiga mara chache, akanirudishia.

"Kabula, usiache za chini," akasema. "Zigeuze zije juu."

Ndilo neno alilotuaga nalo. Mpaka leo nageuza za chini, na wewe umeniona ukadhani ni ukaidi wa kizee.

Kwa miaka kadhaa baadaye, kila karanga zilipovunwa, tulipata mfuko kutoka Majita, unaletwa na yeyote aliyekuwa anakuja mjini. Mwaka mmoja mfuko ulifika na barua: binti yao amejifungua mtoto wa kiume, ameitwa Bwire. Mama Eufrasia alisoma mwenyewe kwa sauti, halafu akaenda kuangalia mashuka ambayo hayakuwa na haja ya kuangaliwa.

Siku nyingine hazikuwa nzito hivyo. Yalikuja magugu maji yakaifunga Mwaloni, mitumbwi ikawa inasukumwa kama mikokoteni shambani, nasi tukapika maharage mpaka wageni wakatuuliza kama tuna shamba. Ilikuja tambi, ikaja sosi ya nyanya ya kopo, na Mzee Mafuru akaijaribu yote kwa moyo mweupe, kwa kuwa alisema mpishi anayechukia kitu kabla ya kukionja ni sawa na mgeni mwenye tabia mbaya. Kopo alilikubali kwa siku za mvua tu.

Kisha magoti yakamshinda kabisa. Alikwenda kwao bila sherehe, akaniachia jiko. Nilikuwa nimeshajua kazi, lakini wiki za kwanza nilikuwa nageuka kumwuliza kitu na kukuta debe tupu.

Nilipata nafasi ya kwenda kumwona baada ya mavuno ya mwaka wa pili. Nilisafiri na mfuko wa mchele wa Magu na nusu ya maneno ya kumweleza. Nyumba yake iko karibu na maji, ya bati, ina ua uliofagiliwa. Mkewe, Mama Nyangeta, alinipokea. Baada ya salamu nikainuka, nikajifunga khanga, nikaelekea jikoni kama nilivyozoea. Mama Nyangeta akanishika mkono, anacheka. Akaniambia Mzee hataki mtu mle. Majirani walikuwa wamemsema mpaka wakachoka, mwanamume mzima, ana mke na watoto, yuko mekoni. Yeye huwajibu kwamba amepikia watu asiowajua maisha yake yote, sasa anapikia anaowajua.

Nikamsikia anaita kutoka ndani, "Kabula, kaa. Leo wewe ni mgeni."

Nikakaa. Neema, nilikuwa nimepikia wageni miaka yote hiyo, na kwangu nilipika, na harusini na msibani nilipika. Sikumbuki kama niliwahi kukaa kwenye kiti, jioni, nikangoja mtu anipikie mimi. Sikujua mikono iwekwe wapi. Nilisikia kisu chake kwenye ubao, nikasikia mafuta yakipokea kitunguu. Mara mbili nilitaka kuinuka, na mara mbili Mama Nyangeta alinitazama tu. Jua lilikuwa linaelekea upande wa visiwa, kuku wanatafuta pa kulala, na Mama Nyangeta akaniuliza habari za Minza. Nikaanza kumweleza, na katikati ya maelezo nikagundua sijasikiliza jikoni kwa muda.

Alitoka anachechemea, bakuli mkononi, taulo begani. Akainama kwa shida, akaninawisha mikono yeye mwenyewe, akaniwekea chakula mbele. Nilitaka kumwuliza amekipikaje. Sikuuliza. Nilikula, na aliponiambia niongeze, nikaongeza.